Kiberiti cha Jioni ya Ijumaa

Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili juu ya kilima, na pale kwenye kambi ya shule kuni za Bonareri, zilizonyeshewa mchana, zilitoa moshi tu. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, akalitazama jua, akapuliza tena. Likizama, Sabato imeingia, na kwao Wasabato hakuna anayewasha moto wa kupika mpaka kesho jioni.

"Ai, hilo jua lenu ndilo litatulaza njaa?" msichana mmoja wa kikundi chake akauliza. Wenzake Wakatoliki wakacheka.

"Basi njoo uwashe wewe."

"Mimi? Mwalimu alisema moto ni wa mpishi peke yake. Tukikosa ugali, kesho anaturudisha nyumbani sisi sote. Na mpishi wa leo ni nani?"

Jua likazama. Moshi nao ukafa.

Bonareri alisimama, akaketi, akasimama tena, kiberiti kikilowa jasho mkononi. Ndipo akamwona yule mdogo wao kabisa, amejificha nyuma ya hema, analamba unga mbichi wa wimbi kwenye kiganja.

"Mungu wangu," akanong'ona, "hebu tazama kule kidogo."

Akakwaruza njiti.