Rimoti Inayoongea

Eggert Clausen alizipanga rimoti tatu juu ya meza ya jikoni, akazipima moja moja kwenye mizani ya unga, kama mtu anayenunua samaki kwa muuzaji asiyemwamini.

"Hii nzito. Hii vijiti vyake vimelegea. Hii inaongea."

"Inaongea?" aliuliza mkewe, Wiebke.

"Ndege ikiwa angani inakutajia mwendo, mafuta, betri. Kwa sauti ya mwanamke."

"Mimi nakutajia makosa yako mwaka wa arobaini na moja huu, na husikii."

Akachagua inayoongea.

"Na ile ya zamani?"

"Itupe."

"Mbona haina kosa?"

"Itupe, nimesema!"

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakuwahi kurusha ndege ndogo ya jeti. Mbili za Eggert zilikuwa zimeanguka, moja kwenye shamba la kabichi, ya pili kwenye lundo la samadi la jirani, na mara zote mbili kosa lilikuwa la rimoti. Vidole vyake vilitetemeka kidogo, ni kweli. Hiyo ilikuwa baridi, alisema. Ilikuwa Julai, na kwao Julai ni kilele cha joto.

Klabu ya warusha ndege ikakata shauri. Jumamosi ya kwanza ya Aprili, jeti ya tatu, ile nyekundu aliyoijenga kwa miaka mitatu, ingeruka mara moja mbele ya msimamizi wa uwanja, Brodersen. Ikitua salama, kibali cha jeti kitabaki kwa akina Clausen. Ikianguka, basi tena.

Majira yote ya baridi Eggert alikaa na kitabu cha maelezo ya rimoti. Wiebke naye kila Alhamisi alikwenda kwenye kikundi chake cha kufuma, ingawa soksi aliyoianza Oktoba ilikuwa bado haijafika kisigino.

Ijumaa jioni ikabaki kazi moja tu, kuiunganisha rimoti mpya na ndege. Maandishi ya kioo chake yalikuwa madogo kama mayai ya chawa.

"Lete huku," alisema Wiebke, akaenda nayo gereji, ambako jeti ililala ubavuni mwa Shakwe, ile ndege kuukuu isiyo na injini ambayo Eggert alijifunzia. Akarudi baada ya nusu saa.

"Imeungana?"

"Imeungana vizuri kabisa, mzee wangu."

Kesho yake upepo wa baharini ulikata masikio. Wiebke aliketi kwenye kiti cha kukunja hatua tatu nyuma ya mumewe, blanketi mapajani, mikono ndani ya blanketi. Shakwe alibaki kwenye buti la gari. Wiebke ndiye aliyeshikilia waje naye, eti jeti ikigoma wasirudi nyumbani wamenuna.

"Haya, mzee Eggert," alisema Brodersen, akisimama nyuma ya kiti cha Wiebke kukwepa upepo. "Leo tunachimba kabichi au tunatawanya samadi?"

"Leo utafunga mdomo, bwana."

"Tuone. Bawa la kushoto! La kulia! Mkia!"

Eggert akasukuma vijiti, na jeti ikatii amri zote tatu. Injini ikalia. Kwa desturi ya uwanja ule, rubani hutangaza kwa sauti kila anachotaka kufanya, ili walioko karibu wakae chonjo. Eggert alitangaza kama mpiga mbiu wa mfalme.

"Napaa!"

Ikapaa.

"Nageuka kushoto!"

Ikageuka, tena taratibu, bila kuyumba, kana kwamba vidole vyake vilikuwa na miaka ishirini. Kuna wakati alitangaza mzunguko kabla hajagusa kijiti, na ndege ikazunguka.

"Umeona?" alimpigia kelele Wiebke bila kugeuka. "Inasoma mawazo! Nilisema mimi, tatizo ni rimoti!"

"Angalia mbele, mzee wangu," alijibu Wiebke kwa sauti ya mtu mwenye shughuli.

Rimoti yenyewe haikusema neno. Eggert akaona ni adabu, maana iseme nini na hakuna cha kulalamikia?

"Natua!"

Magurudumu yaligusa majani kama mkono unaobembeleza paka. Wanaklabu waliokuwa wakinywa kahawa wakapiga makofi. Eggert akainama kidogo, akifikiri huko ni kukubali sifa kwa unyenyekevu.

Brodersen akaleta daftari la uwanja. "Mkeo ameshasaini. Wewe saini hapa, mstari wa pili."

Miwani ilikuwa garini. Eggert akasaini pale kidole kilipoonesha, akaelekea kwenye gari huku akiwaeleza waliompita namna rimoti inavyochaguliwa.

Alipofungua buti, rimoti ikanena kwa mara ya kwanza.

"Shakwe," ilisema sauti ya mwanamke. "Betri inaisha."

Kidole chake kikateleza kwenye kijiti. Ndani ya buti Shakwe akapiga mkia, ta! Eggert akasukuma kulia. Bawa la kulia likapunga. Kushoto, likapunga la kushoto, kama kuku anayeoga vumbini.

Akageuka. Kule uwanjani Wiebke alikuwa anakunja blanketi, na kwenye kiti chake ilikaa rimoti ya zamani, taa yake ya kijani bado inawaka.

Eggert akavaa miwani, akarudi mpaka mezani, akalifungua daftari. Kibali cha jeti, kimetolewa. Mstari wa kwanza, penye neno Rubani: Wiebke Clausen. Mstari wa pili, penye neno Msaidizi, ilikuwapo sahihi yake mwenyewe, kubwa, yenye mkia wa madaha.