Kumchujia Jecinta Mume

"Mfupi," alisema Jecinta. "Weka awe mfupi."

Metrine aliacha kuchapa. Wanawake wote aliowajua Dubai walimsumbua Mungu awape mwanamume mrefu, na huyu mwenzake wa chumba anaagiza mfupi kama anayeagiza chapati.

"Aki Jecinta, wewe sasa unanitisha."

Lakini aliandika. Kanisa lilikuwa linaandaa matembezi ya makapera kwenda milima ya Hatta, na wanaume walikuwa wamejaza fomu kwa simu. Metrine, aliyefanya hesabu za bima ofisini kwa lugha ya kompyuta iitwayo R, ndiye aliyekabidhiwa orodha. Kwa heshima za watu alikuwa ameficha majina kabla hata ya kuyasoma. Kila kapera alikuwa namba tu. Yeye mwenyewe hakuwa na haja nao. Kesho Jumatatu angepeleka barua ya kuacha kazi, visa ifutwe, arudi Bungoma kuolewa na Gibson, mpishi wa hoteli moja papa hapa Dubai, mtaa wa Al Mankhool.

"Hapa hatufukuzi mtu," alieleza kwa madaha. "Naipa amri ya Filter sharti. Anayelitimiza anabaki, wengine wanaenda na maji."

Warefu wakaenda na maji.

"Asiyekula samaki."

"Unatafuta mume ama mgeni wa chakula?"

Jecinta hakucheka. Metrine akaandika, orodha ikakonda tena. Alikuwa anaona raha sasa. Siku ya Hukumu itakuwa hivi hivi, aliwaza, ila malaika watakuwa na kompyuta yenye betri nzuri.

"Sasa bakisha waliojaza fomu Ijumaa iliyopita."

"Ile Ijumaa uliyoenda kanisani peke yako, mimi nikiwa kazini? Na tarehe inakuhusu nini, mama? Uliza mshahara! Uliza kama anakoroma!"

"Weka tu, Metrine. Yalla, haraka."

Sauti yake ilikuwa kavu. Metrine akadhani ni aibu ya mtu aliyechoka kulala peke yake, akamhurumia kwa dhati. Si kila mtu ana bahati ya kupata Gibson. Akaweka sharti, akabonyeza.

Akabaki mmoja.

"Khalas, tumemaliza! Huyu hapa!" Metrine alipiga kigelegele mpaka Mfilipino wa chumba cha pili akagonga ukuta. "Nikuonyeshe jina, ama nikuache upate presha kwanza?"

"Onyesha."

Akaandika amri ya mwisho, bado anacheka. Gibson Wafula Simiyu. Hana mke, hana mchumba, ndivyo alivyojaza. Na namba ya simu ambayo Metrine aliijua kuliko yake mwenyewe.

Jecinta hakutazama kioo cha kompyuta hata kidogo. Alikuwa ameshasogea karibu, ameshika leso.

"Ningekuambia kwa mdomo," alisema, "ungeniamini?"