Chai ya Kivumbasi

Nilizunguka Upare nzima kabla sijampata tabibu wa tiba asili wa kumtibu mama kifua. Siku hizi matabibu hawapokei fedha. Unamlipa tabibu kwa dawa ya ukoo wenu, na ukishamkabidhi ni yake. Jikoni kwako haichemshwi tena, jiko lenyewe linaikataa. Watu husema ni nafuu kuliko fedha. Hao hawajawahi kubakiwa na moja.

"Mmebakiwa na nini?" Tabibu Mshana aliniuliza.

Dawa ya tumbo niliitoa nilipojifungua kwa shida. Ya mifupa tuliitoa baba alipougua, na hakupona. Ilibaki chai ambayo mama alitupikia kila tulipopata mafua, kama bibi alivyompikia yeye.

"Kivumbasi na tangawizi," nikasema. "Asali inatiwa mwishoni."

Aliandika bila kuniangalia, akanipa chupa tatu.

Mama alipona. Wiki ya pili alitoka mwenyewe akaketi barazani, akaniita. "Nakiete mwanangu, nichemshie ile chai yetu. Mdomo umejaa uchungu wa dawa."

Sikuwa nimemwambia nililipa nini. Niliingia jikoni nikatia kivumbasi kwenye sufuria. Jiko likanusa, likajizima. Nikamwaga, nikachemsha maji matupu, nikampelekea kwenye kikombe chake.

Akapuliza, akanywa polepole mpaka yakaisha.

"Imekolea," akasema, macho yake yakiwa kwenye kikombe. "Basi hii usije ukampa mtu."