Leo Tumepika Kunde

Siku ya arobaini ya mume wangu Mbaraka, afisa wa majina alifika tukiwa bado tunaosha masufuria ya hitima. Siku hizi kila neno la mtandaoni hubeba jina la mwandishi na namba ya nyumba yake. Lisilo na jina hutafutiwa mwenyewe: akiwa hai anashtakiwa na maneno yake yanabaki kama ushahidi, akiwa amekufa yanafutwa.

"Pole, Mama Rehani," alisema. "Tunajua Mkaa wa Jikoni alikuwa marehemu. Thibitisha hapa tufute, yaishe."

Kwa miaka tisa Mkaa wa Jikoni aliandika kuhusu wodi zisizo na dawa na visima vilivyofungwa kufuli, na kila mara alimalizia kwa chakula kilichopikwa kwetu siku hiyo.

"Ni mimi," nikasema.

Akacheka. "Wewe, mama? Usijitafutie balaa msibani."

"Kwani nani alikuwa anapika, mimi au yeye?"

Akanisogezea simu yangu. "Haya, andika tuone."

Nikaandika chini ya andiko la mwisho la Mkaa kwamba wamekuja kumzika mume wangu mara ya pili, na safari hii sikubali. Nikamalizia: leo tumepika kunde, nazi ilikuwa haba. Chini yake likatokea jina langu zima, Tausi Chande, nyumba namba 41.

Alikuwa anajaza fomu ya mashtaka majibu yalipoanza kuingia.

"Zubeda Kombo, nyumba namba 8. Mkaa ni mimi. Kwetu leo mihogo."

Afisa akaanza kunakili majina. Fomu ikajaa, majibu hayajaisha.