Bango la Mita Nne

Asubuhi ile Kimya alikuwa kajikunyata kitandani, kompyuta mapajani, anakuza picha ya mama yake. Mama, fundi cherehani, alitaka bango la mita nne mbele ya duka.

"Na nisitoke na ukungu kama mzimu," alionya, akaenda kwa mchapaji, akasubirie hukohuko.

Picha waliyotumiana kwa simu, ukiikuza inageuka vibokisi vitupu. Kimya akaitafuta ile ya asili kwenye kamera, akaikuza polepole, akamtumia mchapaji. Ilitoka safi mpaka pini alizobana Mama mdomoni zilihesabika.

Akaisogeza karibu tena, kujisifia tu. Doa jeusi mlangoni, nyuma ya Mama, sasa lilikuwa na kipara.

Ni Baba, ndani ya koti la bwana harusi mmoja, mteja wa Mama. Lile lililopotea dukani! Lile ambalo Baba mwenyewe alisaidia kulitafuta mpaka uvunguni. Mshono wa begani ulikuwa umefumuka, bitana iko nje kama ulimi.

"Baba, njoo uone."

Baba akaona. Jasho likamtoka. "Mwanangu, haiwezi kuharibika kidogo?"

"Si mlisema isiharibike?"

"Aliyesema ni mama yako! Mpigie mchapaji, haraka!"

Kimya ampigie simu mtu asiyemjua? Afadhali ameze pini. Akaandika: "Shikamoo. Samahani, usichape ile nzuri. Nakutumia mbaya."

Akatuma. Baba akachuchumaa kando ya kitanda, mikono kichwani.

"Amejibu?"

"Bado."

"Na sasa?"

Tiki ilikuwa moja, ya kijivu: ujumbe haujamfikia mchapaji.