Ningu wa Mzazi

Bwana Masatu, mtaalamu wa samaki, aliingia uani akihema, karatasi mkononi.

"Mama Nyamisi, majibu ya kile kipande cha pezi nilichopeleka maabara yametoka! Ningu wako ni wa asili ya mto huu. Karibu wengine wote wamechanganyika na wale wa mabwawani. Madume safi tunayo mawili, jike ni huyu tu. Mvua imeanza, tumrudishe apande mto akatage."

Mama Nyamisi alilitazama pipa alilomtunzia yule samaki. Lilikuwa na maji matupu.

"Mwanangu kajifungua jana. Kwetu mzazi hupewa ningu wa kwanza wa mvua, mwenye mayai. Nikasema, mto mzima ule utakosa wengine?"

"Mama, si nilikuomba umtunze siku tatu tu?"

"Uliniomba, baba. Nimeshampika."

Chumbani, Nyamisi alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, bakuli mapajani. Mayai yalikuwa maelfu, madogo kama uwele. Maneno ya uani alikuwa ameyasikia. Aliwaona wawili hao wamesimama mlangoni, mama yake akilia. Kinywa kilikuwa kimejaa, naye hakujua ateme au ameze.