Mjane wa Dirisha la Nne

Ndani ya miezi minane mama yule alikuwa amefiwa na mumewe mara kumi na tisa, kila mara katika ofisi tofauti, na mumewe mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfundisha kulia.

"Leo unaniua wapi?" mzee humuuliza kila asubuhi ya kazi, huku anapuliza chai. Kisha hukaa nyuma ya meza ya chakula, akajifanya karani, akamsumbua kwa maswali mpaka wote wawili wakacheka. "Hapo umezidisha, mke wangu. Mwenye msiba hasa halii hivyo. Yeye anatafuta tu pa kukaa."

Kazi yenyewe ilikuja na wageni. Wizara ilikuwa imetia saini ushirikiano na nchi moja ya mbali inayosifika kwa ofisi zake, na wageni wakaleta viti vya kungojea, mashine ya kutoa namba za foleni na semina zisizokwisha. Halafu wakauliza: tutajuaje kama makarani wamebadilika kweli? Ndipo wakatafutwa wastaafu watano wawe wateja wa siri. Mama huyu alikuwa amepiga chapa barua za serikali miaka thelathini bila mtu kuikumbuka sura yake. Akafaa mno.

Unaingia kama raia yeyote, unaeleza shida yako, unatazama. Umesalimiwa? Umepewa kiti? Karani amekutazama usoni? Ukitoka, unajaza fomu. Yeye alipangiwa ujane, na bahasha ya kaki yenye karatasi tupu ndani, aikumbatie kana kwamba imetoka hospitali. Sharti lilikuwa moja tu, usijulikane. Siku ukijulikana, hakuna dirisha litakalokuamini tena.

Asubuhi hii hakufanya mazoezi. Maneno aliyajua. Aliacha chai ikapoa mezani, akachukua bahasha, akafunga mlango.

Alikwenda peke yake. Watoto hawakujaaliwa, ndugu walikuwa wametawanyika, na majirani wa mtaa wake walifahamiana kwa milio ya milango tu. Ofisini akachukua namba sitini na mbili, akakaa kwenye kiti cha buluu. Kwa mazoea jicho likaanza kupima: mlinzi amesalimia, sakafu imedekiwa, foleni inasogea. Akajikataza. Alitaka jambo moja tu, karani wa dirisha la nne amwamini.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

Karani alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na kalamu nyuma ya sikio.

"Mume wangu amefariki, mwanangu. Nimekuja kuomba kibali cha mazishi."

"Maskini! Pole sana, mama." Karani akatoka nyuma ya dirisha, akamsogezea kiti, akamletea maji. Mama alikuwa ameshatafuta pa kukaa kabla hajakaribishwa. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Na nyumbani yuko nani?"

"Hakuna mtu."

Sauti ilimtoka kavu. Hakulia. Karani akarudi mahali pake, akachukua kalamu, akamtazama usoni kama semina zilivyomfundisha. Kisha akatazama kitu juu ya bega la mama, ukutani. Akamtazama tena mama. Midomo ikaanza kumcheza, kama ya mtu anayezuia kicheko.

"Mama," karani alinong'ona, "hebu geuka kidogo."

Ukutani kulikuwa na kalenda mpya ya ushirikiano, bendera mbili juu na picha kubwa chini yake. Ilipigwa kwenye mkutano wa kufunga mwaka, siku wageni walipotaka kumshukuru kila aliyechangia. Mama alikuwa safu ya pili, anacheka, na mbele yake kibao kimeandikwa kwa herufi nene: WATEJA WETU WA SIRI.

"Nisikilize, mwanangu..."

"Usiogope, hatukutaji!" Karani alikuwa anacheka kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Akawageukia wenzake. "Jamani, ndiye huyu! Yule mama tunayesimuliwa, mwenye mume anayekufa kila ofisi!"

Dirisha la tatu likaangua kicheko, la tano likapiga makofi. Mtu mmoja kwenye foleni naye akapiga, bila kujua anapigia nini. Mama alikaa katikati ya makofi hayo ameshika bilauri ya maji, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa peke yake kiasi kile.

"Nisikilize," alisema tena.

"Tumekusikiliza, mama, na leo umetuweza. Nusura nilie! Kiti nimekupa, maji nimekupa, pole nimekupa. Alama zetu usitubanie, eh?" Karani akabonyeza kitufe, namba sitini na tatu ikaitwa. Akainama dirishani, akashusha sauti kwa upole wa kweli. "Msalimie mzee huko nyumbani. Mwambie apumzike kufa, ametuchosha."

Namba sitini na tatu akasogea, akasimama akingoja kiti.

Mama hakuinuka. Aliweka bilauri chini, akafungua bahasha ya kaki, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akailaza mbele ya karani na kuinyoosha kwa viganja viwili. Haikuwa tupu. Ilikuwa na muhuri wa hospitali, jina la mzee wake, na tarehe ya jana.